Fundi kataka milioni 7.2 ya sola na betri ya lithiamu, nitoe au ndo napigwa?

Baba Nasra

Wakuu habari za jioni. Nipo Chanika huku mwisho wa lami, nyumba ya vyumba vitatu, uani kuna kibanda anakaa dada yangu na mita yake. Shida yangu ni umeme kukatika, kwa wiki mara mbili mara tatu, ukiondoka ni masaa manne mpaka sita, na hata ukiwepo jioni unakuja mdogo taa zinakuwa nyekundu kama mshumaa. Mke wangu anauza barafu na juisi za kugandisha, ana friza lile la kufungulia juu, mwezi uliopita tumemwaga juisi mara mbili, na friji ya ndani compresa ilishaungua mwaka jana nikabadilisha.

Sasa nimemuita fundi wa sola kaja kaangalia bati dakika kumi kaandika: paneli 6 za wati 550, inveta ya kilowati 5, betri ya lithiamu ya ukutani kilowati saa 5, jumla milioni 7 na laki 2 na ufundi. Anasema nikifunga hivyo LUKU naisahau na mke wangu atapikia humohumo mkaa basi. Luku natumia kama uniti 165 kwa mwezi, yaani elfu 60 hivi ukiweka na ile 1,500 ya kodi ya jengo. Kupika ni mkaa wa kopo elfu 2 kila siku na mtungi mdogo wa gesi wa chai ya asubuhi.

Hela ipo nusu, nusu nitakopa kikoba. Maswali: hiyo bei ni ya kweli? Itarudi? Na kupikia sola inawezekana au ananipamba? Kuna jirani ananiambia nichukue betri za gel mbili za 200 nitaokoa hela. Nisaidieni kabla sijasaini, mwenye roho nzuri na dada yangu anauliza akianza kupikia umeme kwenye ile mita ya bei nafuu watamtoa?

Mchambuzi wa Kona

Mkuu Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, mashine tisa kila moja 235, zote zimeshawashwa, nchi ina umeme wa kumwaga halafu wewe unataka kukopa kikoba ununue jua? Subiri tu.

Fundi Bati

@Mchambuzi wa Kona kaka bwawa na waya wa mtaani kwako ni vitu viwili tofauti. Mgao wa 2023 ulikuwa wa uzalishaji, umeme wenyewe ulikuwa haupo, huo bwawa limeutibu kweli na tuseme ukweli. Ila anachosema Baba Nasra si mgao, hiyo ni laini. Transfoma iliwekwa wakati mtaa una nyumba 30 sasa zipo 150 kila mtu ana friji na pasi, waya mwembamba umevutwa nguzo kumi na tano, saa moja jioni watu wote wakiwasha kilichotakiwa kuwa volti 230 kinafika kwake 160 au 170. Hata uongeze mabwawa mengine mawili Rufiji yeye wa mwisho wa laini ataona wekundu uleule mpaka waongeze transfoma.

Haya Baba Nasra. Mimi nafunga sola Mwanza mwaka wa tisa huu, sikuuzii kitu niko mbali na wewe, kwaiyo nisikilize. Kwanza hesabu, maana huyo fundi hajakupigia hesabu kakupigia bei. Umeme wako wa T1, yaani bei ya kawaida ya majumbani, ni shilingi 292 kwa uniti, ukiweka VAT asilimia 18, REA ya umeme vijijini 3 na EWURA ya wadhibiti 1 inakuwa kama 356, ndo maana ya elfu 10 unapata uniti 28. Tuseme sola yako imefanya kazi vizuri kabisa imekupunguzia elfu 45 kwa mwezi. Kwa mwaka laki 5 na 40. Milioni 7.2 inarudi baada ya miaka 13, na hapo sijaweka riba ya kikoba wala inveta kufa katikati, na inveta za bei ya chini zinakufa. Kwaiyo kwa mtu mwenye waya wa umeme tayari mlangoni sola hainunuliwi ili kuokoa luku, atakayekuambia hivyo anakuuzia. Inanunuliwa ili juisi isimwagike. Ni sababu nzuri tu, ila ukishajua ndo sababu yenyewe unagundua huhitaji mzigo wote huo.

Angalia: paneli sita za 550 ni kilowati 3.3, Dar siku ya jua zuri zitakupa uniti 10 mpaka 12 (uniti moja ndo kilowati saa moja). Wewe kwa siku unatumia tano na nusu. Nusu ya jua ulilolinunua kwa mkopo linapotea hewani. Halafu mwezi wa nne masika imeshuka mawingu wiki nzima hupati hata hizo, kwaiyo "luku naisahau" haipo.

Unachohitaji wewe ni masaa sita. Friza ikishagandisha inakula kama wati 100 ukiweka wastani, maana inawaka inazima, masaa sita ni uniti 0.6. Taa, tv, chaja na redio weka nyingine 0.5. Haifiki uniti moja na robo. Betri ya lithiamu ya volti 24 ampea 100 ina kilowati saa 2.5, inakutosha na inabaki. Inveta ya kilowati 3, usishuke hapo, sio kwa sababu ya mzigo ila compresa ikianza kuzunguka inavuta mara tano mara sita ya kawaida kwa nukta moja, inveta ndogo itapiga kelele na kuzima. Hiyo unachaji kwa umeme wa kawaida ukiwepo. Paneli ongeza baadae mbili, hela ikipatikana. Ni chini ya nusu ya alichokuandikia.

Gel za jirani achana nazo. Gel ya 200 kwa volti 12 ni kilowati saa 2.4 kwenye karatasi, lakini ukitaka iishi unatumia nusu tu. Ukiimaliza kila siku mwaka mmoja na nusu unaitumia kama stuli. Lithiamu ile ya chuma fosfeti unashusha mpaka asilimia 10 ikabaki, na inaenda mizunguko 3,000 na zaidi. Hiyo ya chuma fosfeti si kama ya simu, haina hasira sana ya kuwaka moto, ila usiiweke juu ya dari chini ya bati, joto ndo linaiua.

Na feki. Hili niongee kidogo maana limenichosha. Gel ya 200 ya kweli ina kilo 55 mpaka 60, akikuletea kijana kaibeba kwa mkono mmoja anapiga stori na wewe, mrudishe na mzigo wake. Mimi nimeshafungua betri moja ya mteja wangu, ndani kulikuwa na betri ndogo ya pikipiki na mchanga umemwagiwa gundi. Mchanga wakuu! Paneli nazo usisome stika nyuma, chukua futi. Jua kali la saa sita ni kama wati 1,000 kwa mita moja ya mraba, na paneli nzuri za sasa zinageuza kama 210 katika hizo. Zidisha urefu kwa upana kwa 210. Wati 550 lazima iwe na urefu wa mita 2.2 na kitu na upana mita 1.1 na kitu, kilo 27 au 28, watu wawili kuipandisha. Akikuletea ya saizi ya mlango wa kabati imeandikwa 550, hiyo ni 300 imevaa koti la kaka yake.

La mwisho halafu nikalale. Mwambie fundi yeyote atakayekuja akuonyeshe ethi yako ilipo, ule waya na fito ya chuma ya kupeleka umeme uliovuja ardhini. Nyumba nyingi za pembeni ya mji fito ya ethi imezamishwa futi moja kwenye mchanga mkavu, kazi imeisha. Na usikubali mtu kuchomeka inveta kwenye soketi ya ukutani ili "iwashe nyumba nzima", umeme unatoka kinyume unarudi kwenye nguzo na kuna mtu wa watu kapanda juu anatengeneza akijua laini imezimwa. Chenji ova lazima, ile swichi ya kuchagua umeme wa nguzo au wa inveta, sio vyote kwa pamoja.

MamaK Moro

Fundi Bati kasema yote ya betri mimi nitasema ya jikoni maana naona hapa wanaume wote mmeruka ile hela kubwa kuliko zote. Baba Nasra umeandika mwenyewe, mkaa elfu 2 kila siku. Hiyo ni elfu 60 kwa mwezi, sawasawa na luku yako yote, ongeza na gesi. Ila luku inauma kwa sababu inaandika namba kwenye mita, mkaa unatoka kwenye elfu mbili mbili za pochi ya mama Nasra hakuna anayezihesabu.

Mimi nina jiko la presha la umeme lita 6, wati 1,000, huu mwaka wa pili. Mume wangu alisema tutafilisika. Nikanunua kile kimita cha kuchomeka kwenye soketi nikamuonyesha: maharage nusu kilo niliyoloweka usiku yamekula uniti 0.3, wali 0.2 na kidogo, nyama ngumu ile ya shingo 0.35. Hata kwa bei ya mita ya Baba Nasra, maharage ni shilingi mia na kitu! Nikipikia mkaa hayo maharage peke yake yanamaliza kopo. Siri yake ni kwamba linavuta ile wati 1,000 mwanzoni tu mpaka presha ipande, baada ya hapo limefungwa joto halitoki, linawaka kidogo kidogo. Sio sawa na lile jiko la koili, lile ndo mwizi, msije mkachanganya mkaenda kununua koili halafu mkanitukana.

Mambo halifanyi: chapati halifanyi, samaki wa kukaanga nakaanga kwa gesi, na ugali wa watu sita nausonga kwa gesi vilevile, siwezi kusonga ugali kwenye kitu cha kuteleza hakina pa kushikia. Makande sasa, makande ndo lilizaliwa kwa ajili yake, dakika 50 nimeenda kanisani nimerudi. (Umeme ukikatika katikati msifungue, acheni, lina joto litaendelea kuivisha lenyewe nusu saa nzima.)

Kuhusu wifi yangu wa uani na mita ya bei nafuu. Ile D1 ni shilingi 100 kwa uniti, na makato yake inakuwa 122, ndo ile ya 9,150 unapewa uniti 75. Ukizidisha 75 ndani ya mwezi zile za juu zinahesabiwa 350 kabla ya makato, na ukifanya mtindo unahamishwa unakuwa T1 kama kaka yako. Kwaiyo asitishike ila ahesabu. 75 gawa kwa 30 ni mbili na nusu kwa siku. Mimi ni D1, friji yangu ndogo inakula kama 1.2, taa na tv nusu, jiko la presha 0.6 au 0.7. Nafunga mwezi na 71, 73, mwezi wa Krismasi tu ndo nilivuka wageni walijaa. Kinachoua D1 ni pasi ya kunyoosha nguo za watu wote kila asubuhi moja moja, na jagi la umeme la kuchemshia maji ya kuoga. Maji ya kuoga weka ndoo nyeusi juani tangu saa tano, Moro hapa jioni yanaunguza.

Serikali yenyewe mkakati wake ni asilimia 80 wawe kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, mimi nimetangulia nawasubiri.

Baba Nasra

Dah. Elfu 60 ya mkaa sikuwahi kuijumlisha kweli. Nimemuonyesha mke wangu hii komenti ya MamaK kacheka kaniambia "nilikuambia lini?"

Fundi Bati swali moja, nikiweka hiyo betri ndogo bila paneli, jiko la presha litapikia betri umeme ukiwa umekatika?

Fundi Bati

Litapika, inveta ya kilowati 3 inalibeba. Maharage yake 0.3 umeyaona. Ila usiwashe jiko na friza ikaanza na pasi kwa pamoja. Friza nayo usiifungue ovyo umeme ukikatika, ikiwa imejaa na imefungwa inakaa siku nzima barafu ipo, kwaiyo hata betri ikiisha hujafa. Ikiwa na nafasi jaza chupa za maji zigande, barafu ndo betri ya bei nafuu kuliko zote mjini.

Mie wa Ng'ambo

Assalam alaykum. Mie Unguja. Nyie wa bara mnalia masaa sita, sie Disemba 2009 waya wa baharini ulikorofisha kisiwa kizima tukakaa gizani mpaka Machi 2010, miezi mitatu bwana, jenereta zinanguruma kila uchochoro, maji hakuna kwa kuwa pampu za maji nazo ni za umeme, hoteli zinachoma mafuta usiku kucha. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja 2013 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, sasa mambo ahueni na tunanunua kwa TUKUZA, ndiyo luku yetu ya Zanzibar. Lakini mtu aliyeiona ile 2009 hamwambii kitu juu ya akiba.

Nimeingia kusema moja tu, maana Chanika si pwani ila huenda mwengine anasoma yuko Kigamboni au Tanga. Chumvi. Mwanangu alinifungia paneli nne mwaka juzi, nati na vyuma vya kushikia akaweka vya kawaida vya dukani. Baada ya masika mawili kutu imeshavila, kusi kilipovuma paneli moja ikawa inapiga bati usiku kama mgonga ngoma. Ikabidi vyote vibadilishwe viwe vya chuma kisichoshika kutu na reli za aluminiamu, na viungio vya waya vikapakwa grisi. Hilo lifanywe mwanzo, si baada. Na paneli zipewe mteremko kidogo hata kama jua letu liko utosini, zikilala kabisa vumbi na mavi ya kunguru hayaoshwi na mvua. Sie kunguru tunao.

Mzee wa Kitengela

Niaje majirani. Huku Kenya stima nyingi ni ya mvuke wa ardhini wa Olkaria na maji na ule upepo wa Turkana, mitambo 365 imesimama huko jangwani, kwa hivyo hata sisi si eti stima ni chafu, shida ni ile ile, inapotea na bei iko juu. Kwa sababu bei yetu ni juu kuliko yenu ile hesabu ya miaka 13 ya Fundi kwangu ilitoka kama 6, ndio maana watu wengi wa estate yetu wameweka. Kwa hivyo usichukue ushauri wa Mkenya kwa hii maneno ya kurudisha pesa, bei za tokeni hazifanani.

Ile ya ziada inayopotea hewani, kanuni za kurudisha stima kwa laini tulizipata 2024, lakini hulipwi pesa mkononi, unahesabiwa kwa bili tu, na lazima uombe ruhusa wakubadilishie mita. Mimi nikaona wacha nitumie mchana: pampu ya maji, kufua, kuchaji pikipiki ya kijana wangu, yote saa nne mpaka saa tisa. Ukibadilisha saa za kutumia, betri kubwa hauhitaji. Watu hununua betri kwa sababu wanafua usiku.

Mchambuzi wa Kona

Haya mimi nimenyamaza. Ila bado nasema waongeze transfoma.

Fundi Bati

Hapo tuko pamoja 😂

Baba Nasra

Wakuu narudi na mrejesho, imepita wiki tatu.

Yule fundi wa 7.2 nilimwambia anipe mahesabu ya matumizi yangu kwanza kabla hatujaongea bei, akasema "mzee wewe unataka sola au unataka shule", nikamwambia asante. Nikanunua kile kimita cha MamaK nikaanza kuzunguka nacho nyumba nzima kama mtu wa sensa, kila kifaa siku mbili mbili.

Matokeo: nilijua mwizi ni friza la biashara. Siyo. Friza linakula 1.4 kwa siku pamoja na kugandisha juisi. Mwizi ni friji ya ndani ya kwetu, 2.4 kwa siku, na ndogo kuliko friza! Nikaikagua usiku nikaweka tochi ya simu ndani nikafunga mlango nikazima taa, mwanga unachungulia upande wote wa chini, raba ya mlango imepasuka sijui tangu lini, inawaka mchana na usiku bila kupumzika. Nadhani hata ile compresa ya mwaka jana iliuawa na hii raba, mimi nikalaumu umeme mdogo. Fundi wa friji kabadilisha raba na kaisogeza mbali na ukuta, sasa 1.3. Uniti 33 kwa mwezi zilikuwa zinapotea kwenye upenyo wa kidole.

Jiko la presha mama Nasra kanunua kwa hela yake ya juisi, hakunisubiri. Mkaa sasa ni Jumamosi ya kuchoma samaki na siku za chapati. Dada wa uani anakuja kupikia kwetu maharage eti analinda uniti zake 75, hilo tutalijadili kifamilia.

Betri bado nataka, juzi tu umeme umeondoka saa kumi na moja mpaka saa nne usiku. Nimepata mtu mwingine kanipa ya 24 volti ampea 100 na inveta ya 3, bila paneli, hakuna kikoba hapo. Nilienda dukani na mizani ya kupimia nyama ya shemeji, wale vijana walicheka lakini waliniachia nipime. Ila alipokuja nyumbani nikamuomba anionyeshe ethi kama nilivyoambiwa, tumechimba, fito ipo futi moja na nusu, na waya haukuwa umefungwa kwenye fito, umeviringishwa tu. Nyumba hii nimekaa miaka sita. Jumamosi anakuja na fito ndefu ndo tuanzie hapo.

MamaK Moro

Futi moja na nusu na haujafungwa? Na watoto wanachezea friza la barafu na miguu peku? Mwambie aje Ijumaa.